Jengo la mteremkoni Bukavu: data za modeli ziingizwe kwa njia gani katika programu ya uchambuzi wa miundo?

Mhandisi wa Ibanda (Bukavu), swali:

Wahandisi wenzangu, nawasalimu. Ofisi yetu ndogo hapa Bukavu imepewa kazi ya kukokotoa jengo la makazi la zege lenye sakafu nne, upana wa mita 12 na urefu wa mita 18, katika mojawapo ya miteremko ya Kadutu. Kiwanja kinashuka kutoka barabarani kwenda bondeni, kwa hiyo nguzo hazianzi zote kwenye kimo kimoja: zile za upande wa juu zina mita 1.6 tu kabla ya kufika sakafu ya kwanza, na zile za upande wa chini zina mita 3.2.

Tunatumia programu ya SAP2000. Mpaka sasa nimezoea kuweka gridi, kisha kuchora nguzo na boriti kwa kipanya, moja baada ya nyingine. Njia hiyo inanichosha, kwa sababu kila mara mchoraji anaposogeza ngazi au kupunguza chumba, inanibidi nifute sehemu ya modeli na kuichora upya, na baada ya hapo siwezi kusema kwa uhakika ni kipi nimebadilisha na kipi nimekisahau. Mwenzangu mmoja anashauri tuchukue moja kwa moja mchoro wa DXF (faili ya mchoro wa kompyuta) wa mchoraji. Mwingine anasema tujaze majedwali katika Excel. Wa tatu, ambaye ni mtu wa siku nyingi, anasema njia ya kweli ni faili ya maandishi.

Naomba kujua ni njia ipi inayofaa kwa jengo la namna hii, ambalo halinyooki kama jengo la uwandani, na ambalo mwenyewe bado hajaamua mambo yote. Niongeze kwamba ofisi itakayohakiki mahesabu yetu inatumia STAAD.Pro, programu nyingine ya uchambuzi, wala haifungui faili za SAP2000.

Chuma cha Katanga (Lubumbashi):

Ndugu Mhandisi, mimi ninashughulika zaidi na hangari za chuma kuliko nyumba za zege, lakini swali lako linatugusa sote. Yule mwenzako wa siku nyingi usimpuuze. Programu hizi zilizaliwa katika zama za kadi zenye matundu: SAP ya kwanza, iliyotoka katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley mwaka 1970 kwa kazi ya Edward Wilson, ilisoma data zake kutoka kwenye kadi za safu 80, na mhandisi alilazimika kuandika kila nodi (mahali vipande vinapokutana) na kila elementi (kipande kimoja cha nguzo au boriti) kwa namba. Madirisha ya kuchorea yalikuja baadaye. Chini ya picha unayoiona leo bado kuna orodha zilezile: nodi zenye mahali pake, elementi zinazounganisha nodi mbili, ukubwa wa mikato (umbo la nguzo au boriti ikikatwa), aina ya malighafi, viegemeo, mizigo na michanganyo ya mizigo. Anayeziona orodha hizo anaiona modeli yenyewe, na anayeangalia picha peke yake anaona sura yake tu.

Hangari ya kawaida tunayoijenga huku ina upana wa mita 24, kimo cha mita 7 ukingoni, na paa lenye mteremko wa asilimia 10, yaani kilele kipo mita 8.2. Ikiwa na fremu tisa zilizoachana kwa mita 6, urefu wake ni mita 48. Kila fremu ina nodi tano za msingi, kwa hiyo zote ni 45, na elementi nne za msingi, kwa hiyo zote ni 36, kabla ya kuongeza vyuma vya kubebea mabati na vile vya mshazari. Kuchora hayo kwa kipanya ni kupoteza muda. Katika STAAD ninaiandika fremu ya kwanza, kisha ninaamuru irudiwe:

JOINT COORDINATES
101 0 0 0; 102 0 7 0; 103 12 8.2 0; 104 24 7 0; 105 24 0 0

Fremu ya pili ninaipa namba 201 hadi 205, ya tatu 301 hadi 305, na kuendelea. Utaratibu huo wa namba una faida kubwa kuliko unavyoonekana: matokeo yakisema kwamba nodi 704 imesogea kupita kiasi, ninajua papo hapo kwamba ni ukingo wa kulia wa fremu ya saba, bila kuitafuta kwenye picha. Programu ikigawa namba yenyewe, nodi 704 inaweza kuwa mahali popote.

Kwa SAP2000 huna haja ya kuandika faili nzima kwa mkono, ingawa unaweza kuihifadhi modeli kama maandishi yenye kiambishi .s2k na kuisoma katika kihariri chochote. Njia nyepesi ni ya majedwali: programu inakuruhusu kuyatoa majedwali ya nodi na ya elementi kwenda Excel, ukayabadilisha, ukayarudisha. Jedwali la elementi linataja tu jina la elementi, nodi ya mwanzo na nodi ya mwisho. Ngazi ikisogea sentimita 40, unabadilisha namba katika mistari michache ya jedwali la nodi, na boriti zote zilizoshikamana na nodi hizo zinafuata zenyewe pamoja na mizigo yake. Kisha unahifadhi jedwali la zamani na jipya, na ukiulizwa ni kipi kilichobadilika, unalinganisha mstari kwa mstari.

Kuna faida nyingine isiyohusu uhandisi: umeme ukikatika katikati ya kazi, kama tunavyojua sote, faili ya maandishi ni ndogo, haiharibiki kwa urahisi, na unaweza kuituma kwa simu.

Juu ya Lava (Goma):

Namheshimu ndugu wa Lubumbashi, lakini anazungumzia hangari, ambayo kila fremu yake ni nakala ya nyingine. Hapa Goma nyumba nyingi tunazokokotoa hazijirudii hivyo, na nyumba ya mteremkoni hairudii chochote. Kuandika kwa mkono mahali pa nodi za jengo lenye kuta zilizokatwa kwa pembe za ajabu ni kazi ya kumlevya mtu, na mchoro wenye namba zote hizo tayari upo mikononi mwako. Mimi natetea DXF, kwa sharti kwamba usichukue mchoro wa mchoraji kama ulivyo.

Mchoro wa mchoraji una milango, samani, vipimo, maandishi na kuta zenye mistari miwili. Programu ya uchambuzi inahitaji mstari mmoja tu kwa kila boriti na kila nguzo, nao upite katikati ya mkato wake. Kwa hiyo fungua faili mpya, chora juu ya mchoro wake mistari yako mwenyewe ya katikati, na ipange katika matabaka yenye majina yanayoeleweka, kwa mfano NGUZO_20x40 na BORITI_20x50. SAP2000 inapoleta DXF inakuuliza tabaka lipi liwe fremu na lipi liwe bapa, kwa hiyo ukileta tabaka moja moja unaweza kulipatia kila kundi mkato wake mara moja, bila kubofya boriti moja moja.

Mambo yanayowashinda wengi ni haya. Vipimo: mchoro mara nyingi uko katika milimita, na ukiuleta kama mita utapata jengo la urefu wa kilomita 18, jambo ambalo afadhali linaonekana upesi. Ncha zisizokutana: mistari miwili inayoonekana imeungana kwenye skrini inaweza kuachana kwa milimita 3, na ikiwa kiwango cha kuunganisha nodi katika programu ni milimita 1, utapata nodi mbili badala ya moja na boriti isiyoshikwa na kitu upande mmoja. Tao na mistari iliyounganishwa kwa mkunjo ivunjwe kwanza iwe mistari ya kawaida. Tena kuna mahali pa mchoro wenyewe: kama mpimaji wa ardhi ameuweka katika koordineti za UTM (mfumo wa ramani unaotaja mahali kwa mita), kwa Bukavu namba ya kaskazini inazidi mita 9,700,000, na modeli iliyo mbali namna hiyo na sifuri inasumbua kuiona na kuichagua, na tarakimu nyingi zinapotea bure katika ukubwa wa namba. Sogeza kona moja ya jengo hadi sifuri kabla ya kuhifadhi, na andika pembeni ulisogeza kiasi gani.

Ninakubali jambo moja: DXF huleta umbo peke yake. Haileti viegemeo, haileti mizigo, haileti michanganyo. Mchoraji akibadilisha mpango wote, utaleta upya umbo na mengine utayaweka tena. Ndiyo maana mimi huitumia mara moja tu, mwanzoni, na kuanzia hapo mabadiliko ninayafanya kwenye majedwali kama ndugu alivyoeleza.

Mhandisi wa Ibanda:

Nawashukuru nyote wawili. Naona kwamba njia zenu hazipingani sana. Nina maswali mawili. La kwanza: kompyuta zetu zote zimewekwa kwa Kifaransa, na jana nilipojaribu kurudisha jedwali kutoka Excel, kimo cha mita 3,20 hakikukubaliwa mahali pengine, na mahali pengine kiligeuka kuwa 320. La pili: majedwali ya SAP2000 nitayahamishaje kwenda STAAD kwa ajili ya wahakiki?

Mzee wa Ukakamavu (Bukavu):

Mwanangu, maswali hayo mawili vijana watakujibu vizuri kuliko mimi. Mimi nataka kusema juu ya kile ambacho bado hakijasemwa, kwa sababu nimesahihisha mahesabu mengi ya wanafunzi hapa mjini, na upungufu ninaouona hautoki katika njia ya kuingiza data. Unatoka katika data ambazo mtu hakuziingiza kabisa kwa kuwa programu ilimwekea za kwake.

Anza na mteremko wako. Wengi huchora nguzo zote kuanzia kimo kimoja, kana kwamba kiwanja ni tambarare, kwa sababu gridi imewarahisishia hivyo. Lakini ukakamavu wa nguzo dhidi ya kusukumwa kwa ubavu hufuata 12EI (E ni ugumu wa malighafi, I ni inersia, yaani uwezo wa mkato kupinga kupinda) kugawa kwa kipeo cha tatu cha urefu wake, na kwa hiyo nguzo yako ya mita 1.6 ni kakamavu mara nane kuliko ile ya mita 3.2 yenye mkato uleule. Ardhi ikitikisika, nguzo fupi za upande wa barabara ndizo zitakazobeba sehemu kubwa ya msukumo, na jengo zima litataka kujizungusha kwa kuzifuata. Hapa Bukavu hatuhitaji kuhadithiwa: tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, lenye ukubwa wa 5.9, bado linakumbukwa. Kwa hiyo kimo cha kila nodi ya chini kiandikwe kimoja kimoja kutoka kwenye vipimo vya kiwanja, na kwa jambo hilo jedwali ni bora kuliko kipanya, maana safu ya Z, yaani ya kimo, inasomeka kwa jicho kutoka juu hadi chini.

Kisha angalia mielekeo ya mikato. Nguzo ya sentimita 20 kwa 40 ina inersia mara nne zaidi kwa upande mmoja kuliko mwingine. Mstari ulioletwa kutoka kwenye mchoro haujui nguzo imeelekea wapi, na programu huipa mwelekeo wake yenyewe. Washa picha inayoonyesha mikato kwa unene wake halisi na uizunguke modeli polepole. Vivyo hivyo kwa boriti: nodi ya mwanzo na nodi ya mwisho ndizo zinazoweka mhimili wake wa kwanza, na boriti mbili zilizopangwa mstari mmoja lakini zilizochorwa kwa kupishana, moja kutoka kushoto na nyingine kutoka kulia, hutoa michoro ya kani ambayo msomaji anaweza kuielewa vibaya.

Kuhusu malighafi, kuna namba mbili zinazochanganywa kila mwaka: uzito na tungamo. Zege ya nondo ina uzito wa kilonyutoni 25 kwa mita moja ya ujazo, na tungamo lake katika vipimo hivyohivyo ni karibu tani 2.55. Mtu akiandika 25 katika nafasi zote mbili, mizigo ya wima itakuwa sahihi kabisa na hakuna kitakachomshtua, lakini tungamo litakuwa limezidi karibu mara 9.81, na muda wa mtikisiko, unaofuata kipeuo cha pili cha tungamo, utarefuka kwa zaidi ya mara tatu. Jengo la sakafu nne hutarajiwa kuwa na muda wa takriban sekunde 0.4. Ukiona programu inakupa 1.25, usianze kunenepesha nguzo. Fungua kwanza ukurasa wa malighafi.

Na kabla ya kuamini chochote, uzipime kani za viegemeo. Sakafu yako moja, ikiwa na unene wa sentimita 20, ina mita 12 kwa 18 kwa 0.20, yaani mita za ujazo 43.2, ambazo ni kilonyutoni 1,080. Sakafu nne ni 4,320. Ongeza boriti na nguzo kwa hesabu ya haraka kwenye karatasi. Jumla ya kani za wima chini ya mzigo wa uzito wenyewe lazima ikaribiane na namba hiyo. Ikiwa pungufu kwa 1,080, kuna sakafu ambayo haikuingia.

Skripti za Usiku (Goma):

Naongeza kwa ufupi tu. Kwa anayejua Python (lugha ya kuandikia programu) kidogo, SAP2000 na ETABS, programu nyingine ya uchambuzi, zinaendeshwa pia kwa skripti, kwa hiyo unaweza kusoma jedwali lako la Excel na kujenga modeli yote kwa kubonyeza mara moja. Jambo la kwanza katika skripti liwe kutaja vipimo kwa amri ya SetPresentUnits. Namba 6 ni kilonyutoni, mita na selsiasi. Ukisahau, programu inaweza kutumia vipimo usivyovikusudia. Lakini kwa jengo moja la sakafu nne sioni haja ya kuanza kujifunza skripti leo. Jedwali linatosha. Skripti inalipa pale unapotaka kujaribu maumbo mengi ya jengo moja.

Chuma cha Katanga (Lubumbashi):

Nimerudi kwa maswali mawili ya ndugu wa Ibanda.

Kuhusu koma na nukta: kompyuta iliyowekwa kwa Kifaransa huandika 3,20, na faili za programu hizi hutaka 3.20. Mbaya zaidi, faili za CSV (majedwali yaliyohifadhiwa kama maandishi) zinazotoka kwenye Excel ya Kifaransa hutenganisha safu kwa nukta-mkato, na programu inayotarajia koma husoma mstari mzima kama neno moja. Usijaribu kurekebisha jedwali moja moja kwa kutafuta na kubadilisha, maana hapo ndipo 3,20 inapogeuka 320 au inapogeuka tarehe. Katika mipangilio ya Excel ondoa alama ya kufuata mfumo wa kompyuta, kisha uweke nukta kuwa kitenganishi cha desimali. Afadhali zaidi, ibadilishe katika mipangilio ya eneo ya Windows kwenye ile kompyuta mnayofanyia mahesabu, ofisi nzima ikubaliane hivyo, na lugha ya skrini ibaki Kifaransa. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Kuhusu STAAD: usihamishe kwa kunakili safu za namba bila kufikiri, kwa sababu katika SAP2000 mhimili wa juu ni Z, na katika STAAD, usipoiambia vingine, mhimili wa juu ni Y. Wengi hubadilishana tu safu ya Y na ya Z. Jengo linasimama vizuri, uzito wake ni sahihi, kani za viegemeo zinajumlika kama mzee alivyofundisha, na bado ni kosa, kwa sababu limegeuka kama linavyoonekana kwenye kioo: ngazi iliyokuwa kulia iko kushoto. Kwa jengo lenu, ambalo nguzo zake fupi ziko upande mmoja, wahakiki watapata mzunguko ulioelekea kinyume na wenu, na mtabishana juu ya programu ilhali programu zote mbili ziko sawa.

Kanuni ni hii: X ibaki X, Z ya SAP2000 iwe Y ya STAAD, na Y ya SAP2000 iwe Z ya STAAD baada ya kugeuzwa ishara, chanya ikawa hasi. Katika Excel ni fomula moja kwa safu nzima. Ukipenda kuepuka yote hayo, STAAD inakubali amri ya SET Z UP mwanzoni mwa faili, na namba zako zinaingia kama zilivyo. Mikato nayo ihakikiwe kwa jina. IPE 300 (mkato wa chuma) iliyoandikwa kwa namna ambayo orodha ya programu nyingine haiitambui haitapokelewa kama IPE 300, na kwa mikato ya zege kama yenu ni salama zaidi kuandika upana na kimo kwa namba. Kwa kuhakiki, chagua nodi tatu ambazo hazina mwenza upande wa pili wa jengo, mathalani kona ya ngazi, nguzo fupi kuliko zote na ncha ya roshani, kisha uwaandikie wahakiki mahali pake katika mifumo yote miwili kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti.